Mtoto mnene si lazima awe na afya

Mwezi wa 9 mwaka 2025, UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa umri wa shule wenye unene wa kupita kiasi wamezidi wale wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara haijafika huko, na kwetu mashariki mwa Kongo njaa bado ndiyo adui mkubwa. Lakini mijini, njaa na unene huo vinakaa mtaa mmoja.

Tukiona mtoto mnene, tunasema: "Ana afya." Kumbe mafuta yanaweza kujaa kwenye ini lake bila maumivu yoyote, na miaka ikipita ini likapata makovu. Sukari nyingi ya sukre, ini huigeuza kuwa mafuta. Mtoto akikimbia, misuli yake inatumia sukari na mafuta hayo, na ini linaweza kupata nafuu hata kabla kilo hazijapungua. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 60 za mazoezi kila siku, kuanzia miaka 5 hadi 17.

Akimbie wapi? Viwanja vimejengwa nyumba, na kwa kukosa usalama wazazi wanawafungia watoto ndani. Hatuwalaumu. Ila parokia zetu nyingi zina viwanja vyenye ukuta, vitupu siku za kazi. Tuvifungue baada ya masomo, wamama na wababa wa kanisa wasimamie kwa zamu. Mpira wa matambara unatosha. Wala tusimcheke mtoto mnene: akichekwa, atarudi kujifungia ndani.