Taifodi Haiogopi Nusu Dozi

Wanafunzi wenzangu, huku Kibera na Kawangware mtu akishikwa na homa, mbio dukani: "Nipe dawa za hamsini." Nusu dozi! Mimi napinga kabisa. Wataalamu wa KEMRI wamechunguza jeni za bakteria wa taifodi kutoka Kibera. Wengi ni wa ukoo mmoja, H58, uliotoka Asia. Ampisilini na kloramfenikoli haziuwezi. Nusu dozi huua walio dhaifu, sugu wakabaki wakizaana. Tena mtu mwenye afya huweza kuwabeba bila kujua. Chanjo ilianza kutolewa nchini mwaka wa 2025, vyema. Lakini mabomba yangali yanapita mitaroni, na yakitoboka uchafu huingia. Serikali iyatengeneze, nasi tumeze dozi ya daktari hadi mwisho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.