Forodhani iwafunze watoto kuogelea

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu Bustani ya Forodhani, mjini Unguja.

Bustani hiyo iliyo mbele ya Ngome Kongwe ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Leo ni ya kila mwananchi. Matengenezo makubwa ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni yalimalizika mwaka 2009, na watu hupata pale kivuli, upepo na mahali pa watoto kuchezea. Jioni kuna pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa, ingawa bei nyingine ni za wageni, si za mwalimu.

Hivi karibuni niliwapeleka huko wanafunzi wangu. Maji yalikuwa yamejaa, na vijana wakiruka makachu kutoka ukutani. Wanafunzi walishangilia sana. Msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, na sisi tukianguka humo?" Sikuwa na jibu. Katika darasa zima wanaojua kuogelea hawakutimia kumi, wote wavulana. Mimi mwenyewe niliyezaliwa pwani sijui.

Ndugu Mhariri, sisi ni watu wa visiwani, safari zetu ni za bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, wenzetu wengi wakapotea. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, maana meli ile ilipakia kupita kiasi. Lakini mtoto wa kisiwani kuogopa maji yanayomfika kiunoni ni aibu yetu sisi wakubwa.

Wapo watakaosema wasichana kuogelea si desturi yetu. Nawakumbusha kwamba mle mle Ngome Kongwe, katika miaka ya 1940, palitengwa klabu ya wanawake, nao walistirika. Hata hili linawezekana: saa maalumu, mahali pa maji madogo, na walimu wawe wanawake. Wale vijana wa makachu nao wapewe mafunzo ya uokozi na posho kidogo, wawafunze wavulana.

Nawaomba wanaohusika na bustani hiyo walifikirie jambo hili. Skuli yetu iko tayari kuleta wanafunzi kila Jumamosi, nauli tutachangishana na wazazi. Na mimi nitaingia majini pamoja nao.

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Mkoa wa Kaskazini Unguja.