UMEME WA VYOMBO UWAFIKIE WALIO WENGI

Zama za pikipiki na magari ya umeme zimewadia, na visiwa vyetu havitabaki kando. Twaona ni wajibu wetu kusema mapema, kabla saruji haijamwagwa, ni vituo gani vya kuchaji vitakavyoufaa mji mdogo kama Chake Chake.

Wapo wanaodhani kuwa maendeleo ni mtambo mkubwa uliosimamishwa mbele ya jengo la Serikali. Sisi hatuafiki. Ni kweli kwamba mtambo wa kasi wa kilowati 50 huijaza betri ya gari ya uniti 40 kwa muda wa saa moja hivi, ilhali plagi ya kawaida ya ampea 13, itoayo kilowati 3, huhitaji zaidi ya saa 13. Lakini kutoka Chake Chake hadi Wete, au hadi Mkoani, ni kilomita 30 hivi. Gari lililochajiwa nyumbani usiku kucha laweza kwenda na kurudi mara mbili au tatu bila ya kuhitaji umeme njiani.

Anayehitaji kituo ni kijana wa bodaboda aliyepanga chumba, asiye na plagi ya kuitegemea wala mita yake mwenyewe. Betri yake ni ya uniti 2 au 3 tu. Huyu atafaidika na plagi za kawaida zilizowekwa stendi, sokoni na bandarini, kila moja na mita yake, zikikingwa na mvua na hewa ya chumvi, na bei ikibandikwa mahali pa wazi.

Aidha, umeme wenyewe una mipaka. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha. Ndipo kisiwa kikaunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari wenye uwezo wa megawati 20. Mitambo 20 ya kasi ikifanya kazi pamoja hudai megawati nzima, yaani sehemu moja katika 20 za uwezo huo. Wala tusisahau giza lililoikumba Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, bei ya kuchaji iwe nafuu usiku wa manane, wakati mahitaji ya majumbani yamepungua. Pili, mapaa ya stendi yawekwe umeme wa jua, ili mchana usiutegemee waya peke yake.

Twawataka maofisa wanaohusika, kabla ya kuagiza mtambo wowote, waende stendi wakawaulize madereva. Haba na haba hujaza kibaba. Na betri ya mnyonge hujaa vivyo hivyo.