Moyo kwa Miadi

Mwaka 2005 mgonjwa mmoja wa moyo nchini Israel alimwambia daktari wake, Jacob Lavee, kwamba amechoka kusubiri. Anakwenda China kupandikizwa moyo; tarehe imeshapangwa, wiki mbili mbele. Akaenda, na akapandikizwa siku ileile aliyoahidiwa.

Figo unaweza kuitoa ukabaki hai. Moyo, hapana. Anayekupangia tarehe ya moyo anajua nani atakufa, na siku gani. Mtoto wa shule atalielewa hilo, sembuse waziri mwenye ubalozi Beijing na majasusi wa kumletea habari!

Mwaka huohuo Huang Jiefu, naibu waziri wa afya wa China, alikiri kwamba viungo vilikuwa vinatolewa kwa wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo. Baadaye China ikaahidi kwamba kuanzia 2015 ni hiari tupu. Serikali ya Uingereza ikaliegemea Shirika la Afya Duniani: wao wameridhika, nasi tumeridhika. Ilipobanwa bungeni mwaka 2019 ikakiri kwamba tathmini ya shirika hilo ilitokana na maelezo ya China yenyewe. Mtuhumiwa kajisahihishia mtihani, wao wakampigia makofi.

Juni 2019 jopo huru lililoketi London chini ya wakili Geoffrey Nice lilihitimisha kuwa wafungwa, hasa wafuasi wa kundi la kiroho la Falun Gong, wameuliwa kwa miaka mingi kwa ajili ya viungo vyao. China inasema huo ni uzushi. Na ikane, lakini ifungue vitabu vya hospitali zake. Watafiti waliopima takwimu zake za waliotoa viungo, Lavee akiwamo, walikuta zinapanda kwa kufuata fomula ya hisabati karibu bila kukengeuka. Tangu lini watu wakafa kwa fomula?

Kisingizio kikubwa cha serikali za nje ni kwamba China haishikiki. Nani kawaambia muishike? Israel haikutuma hata askari mmoja. Mwaka 2008 ilipitisha sheria ya kuzuia bima kulipia viungo vya biashara haramu ng'ambo, na safari za China zikakauka. Taiwan ikafuata 2015. Uingereza, mwalimu wetu wa haki za binadamu, ilisubiri hadi 2022 kuwapiga marufuku raia wake kununua viungo nje. Canada nayo, Desemba ya mwaka huo. Miaka 14 baada ya Israel! Ushahidi gani mpya ulikuwa unasubiriwa?

Hata sheria hizo zitabaki makaratasi kama hakuna anayeulizwa kitu. Aliyepandikizwa kiungo hunywa dawa maisha yake yote ili mwili usikikatae, na dawa hizo haziuzwi gengeni. Anaandikiwa na daktari wenu, katika kliniki zenu. Kila aliyerudi na figo, ini au moyo wa kununua ana faili. Lifungueni, mumuulize alimlipa nani, hospitali gani, na tarehe yake alipewa lini.