Protini ya rangi ya ngozi: bei kubwa, soko dogo

Mwekezaji akisikia kwamba ipo bidhaa ambayo gramu moja yake inafikia mamilioni ya dola, mate humtoka. Hesabu yenyewe si ngumu. Protini ya MC1R, yaani kipokezi kinachoongoza rangi ya ngozi na nywele za binadamu, huuzwa kwa maabara katika vichupa vyenye mikrogramu chache. Chembe moja ya chumvi ya mezani ina uzito kuliko mikrogramu 10. Tuseme kichupa cha mikrogramu 10 ni dola 400. Zidisha mpaka ufike gramu moja, utapata dola milioni 40. Dhahabu haioni ndani!

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haina faida kwa mtu yeyote. Maabara hainunui gramu. Mtafiti hununua kichupa kimoja, hukitumia kupima kama kingamwili yake inashika pale inapotakiwa kushika, na huenda akamaliza mwaka bila kuagiza kingine. Kwa hiyo msomaji akiletewa waraka wa kuuza hisa ambao umepiga hesabu ya gramu, aurudishe kwa adabu na kuuliza vimeuzwa vichupa vingapi mwaka jana, na kwa nani.

Jeni ya kipokezi hiki ilitambuliwa mwaka 1992. Kina asidi amino 317, na kimejishona mara saba katika utando wa seli zinazotengeneza rangi. Homoni yake ikikigusa, seli hutoa melanini nyeusi. Kikiwa dhaifu hutoka ile nyekundu, na ndiyo asili ya nywele nyekundu za baadhi ya watu wa Ulaya. Kiwandani, jeni ya binadamu hupandikizwa katika bakteria au seli nyingine ili ziitengeneze protini hiyo. Kasoro ni kwamba ukikitoa kipokezi katika utando wake kinapoteza umbo. Ndiyo sababu baadhi ya vichupa sokoni vina kipande tu cha protini, na vingine vina protini nzima isiyofanya kazi yake ya asili. Tofauti hii imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye orodha ya bidhaa. Wakala asiyeisoma atauza mzigo utakaorudishwa.

Fedha katika biashara hii ziko kwenye wingi wa orodha, si katika protini moja. Angalia Abcam ya Cambridge, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1998 kuuza kingamwili na vitendanishi vya utafiti. Mwaka 2023 Danaher ya Marekani iliinunua kwa dola 24 kwa hisa, jumla ya dola bilioni 5.7 hivi pamoja na madeni, na mwanzilishi wake akalalamika hadharani kwamba bei ni ndogo. Hakuna kichupa kimoja kilicholeta thamani hiyo. Ilikuwa ni maelfu kwa maelfu ya bidhaa, kila moja ikiuza kidogo.

Upande wa dawa ni habari nyingine, na wenye haraka wasikaribie. Afamelanotidi, dawa inayokiamsha kipokezi hiki, iliundwa na watafiti wa Arizona mwaka 1980. Kampuni ya Clinuvel ya Australia ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2014 na cha Marekani Oktoba 2019, kwa ugonjwa adimu unaowafanya watu waumie vikali wakipigwa na mwanga wa jua. Hiyo ni miaka 34 kabla ya kibali cha kwanza. Hisa za Clinuvel zilivuka dola 40 za Australia mwaka 2019. Machi 2020 zilikuwa chini ya dola 20, ingawa dawa ilikuwa na vibali vyote viwili. Aliyenunua siku za shangwe aliumia.

Linalonikera zaidi ni wachuuzi. Melanotan II, ndugu wa dawa hiyo, imekuwa ikiuzwa kama sindano na dawa ya kupulizia puani bila kibali cha mamlaka ya dawa. Na kwetu, ambako Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, haitachukua muda mrefu kabla mtu hajaweka maneno “protini ya rangi” kwenye kopo la krimu. Protini ya ukubwa huu haipenyi ngozi nzima. Wala isiuzwe kama tumaini kwa wazazi wa watoto wenye ualbino: ualbino unaoonekana zaidi Tanzania unatokana na jeni nyingine, OCA2, na kichupa cha MC1R hakiugusi. Lebo inasema kwa utafiti tu. Mfanyabiashara anayeipuuza anacheza na afya za watu na leseni yake.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa hapa, nafasi naiona katika usafirishaji. Bidhaa hizi husafiri katika barafu kavu, nyingi zikihitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na kuyeyuka na kuganda tena huziharibu. Mzigo ukilala uwanja wa ndege siku nne kwa sababu ya karatasi za forodha, mtafiti amepoteza fedha za mradi. Mwenye barafu kavu ya uhakika, karatasi zilizokamilika kabla ndege haijatua na bima inayotaja joto kwa maandishi, atapata wateja hata kama hajui kipokezi ni kitu gani.