Kuchomelea Hakusomwi Ubaoni

Wasee wa Eldoret, tusidanganyane. Tangu sheria ya TVET ya 2013 ituletee CDACC, tunaambiwa mtihani ni mikono: fanya kazi, mtahini aangalie, uambiwe umeweza au bado. Poa sana. Lakini darasa zima likipanga foleni kwa mashine moja ya kuchomelea, anapima nini? Nani alikuwa mbele ya laini! Halafu ile faili ya ushahidi inajazwa picha: umeshika elektrodi, umechekea kamera, basi.

Mimi ningemweka fundi wa jua kali awe mtahini, hata kama hana cheti. Anagonga kiungo kwa nyundo. Kikiachia, rudi ukachome tena. Na karo iliyotoka kwa mahindi ya mzazi inunue vyuma kwanza. Geti jipya la chuo lingoje.