UCHANGANUZI: Mafuriko huanzia mbali, utabiri wa wiki usomwe wote

MVUA za vuli zinapokaribia ukingoni, mwishoni mwa Novemba, ndipo ripoti ya utabiri wa wiki huwa na uzito mkubwa zaidi kwa Mkenya. Msimu ukiwa mzuri, kufikia wakati huo udongo umekwisha kushiba na mito imejaa. Mvua ya siku mbili ambayo Oktoba ingemezwa na ardhi, sasa huteremka moja kwa moja hadi mtoni.

Hata hivyo, namna wengi wanavyoisoma ripoti hiyo ina kasoro. Msomaji hutafuta jina la kaunti yake, na akikuta imeandikwa jua asubuhi na manyunyu alasiri, huiweka kando. Kwa mkulima wa Nyeri huenda hayo yakatosha. Kwa mkazi wa Garissa, Budalang'i au Mandera, hiyo ni nusu ya habari, tena nusu iliyo nyepesi.

Sababu ni mkondo wa mito yenyewe. Mto Tana hukusanya maji yake katika Mlima Kenya na safu za Aberdare, ukapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuingia nyanda kame za Garissa na Tana River. Mabwawa hayo yakijaa, maji ya ziada hayana pengine pa kwenda ila chini. Mwenye shamba kando ya mto anaweza kushinda chini ya anga jeupe mchana kutwa, kisha maji yakamkuta usingizini.

Hali ni hiyo hiyo kwingineko. Mto Nzoia, unaotishia kuta za kuzuia maji Budalang'i, hubeba mvua ya Mlima Elgon na milima ya Cherangany. Mto Daua unaopita Mandera hutoka nyanda za juu za Ethiopia, sawa na Shebelle unaopita Beledweyne nchini Somalia, mji uliozama Novemba 2023.

Ndiyo maana ramani za kila wiki za kituo cha kanda cha ICPAC, kilichoko Ngong na kinachohudumia mataifa 11, zinawahusu wakazi wa Mandera kuliko wanavyodhani. Mvua inayoonyeshwa leo juu ya Ethiopia ndiyo mto wao wa siku chache zijazo.

Kasoro ya pili ni lugha ya vipimo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inapotahadharisha kuhusu mvua inayozidi milimita 20 kwa saa 24, wengi huona tarakimu ndogo. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Milimita 20 juu ya paa la mabati la mita mraba 50 ni lita 1,000. Juu ya kilomita moja mraba ya mteremko, ni lita milioni 20, na zote zatafuta njia ya kushukia.

Kasoro ya tatu ni kuchanganya utabiri wa msimu na ule wa wiki. Utabiri wa msimu hutegemea zaidi joto la Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, nao hueleza jumla ya miezi mitatu. Hausemi usiku upi kilima kitaporomoka. Kwa msimu wa vuli wa 2025, wataalamu walitabiri mvua haba, hasa mashariki mwa nchi. Hata hivyo, mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, mvua kubwa iliporomosha ardhi Chesongoch, Elgeyo Marakwet, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Utabiri wa msimu haukuwa umekosea, kwani msimu wa ukame nao huweza kuwa na usiku mmoja wa maafa.

Novemba 2019, bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipokuwa na joto lisilo la kawaida, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40. Wengi wa waliofariki walikuwa majumbani mwao, usiku.

Kuna pia kasoro isiyo ya wananchi. Oktoba 2023, baada ya wataalamu kutabiri mvua zaidi ya kawaida, Rais William Ruto alitangaza kuwa El Nino haingekuja, bali mvua kubwa tu. Kwa mtaalamu, tofauti hiyo ina maana yake. Kwa mwananchi wa kawaida, kilichobaki sikioni ni kwamba hatari imepita. Kufikia Desemba, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 150 nchini.

Funzo ni kwamba onyo halikamiliki linapotolewa Nairobi. Hukamilika chifu anapoliita baraza, redio ya kijijini inapolisoma kwa lugha ya mama, na mkazi wa bondeni anapojua atahamia wapi na mifugo yake itapita njia gani. Kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Serikali za kaunti zina wajibu wa kuhakikisha neno lake linafika wadini kabla ya maji.

Kwa msomaji, jambo ni rahisi zaidi. Atazame kwanza mvua ya kule mto wake unakotoka, kisha ya kwake. Azipe siku za mwanzo za wiki imani kubwa kuliko za mwisho, na asikize tena kila siku, kwani utabiri hurekebishwa. Na akiambiwa ahame huku jua likiwaka, asiliulize jua.